Maswali ya Wasomaji: Je, masizi ya Nairobi hufika Ncha ya Kaskazini?

SWALI: Mhariri, hapa Kayole nguo zikianikwa huanuliwa na masizi. Kuna moshi wa matatu, wa majiko, wa taka zinazochomwa. Je, unaweza kufika kwenye barafu ya ncha za dunia? Na wataalamu hujuaje kuna masizi ilhali theluji ni nyeupe pepe?
Msomaji, Kayole

JIBU: Ncha ya Kaskazini? Kwa uchache mno. Masizi hukaa hewani siku chache, pengine wiki, na mvua za ukanda wetu wa ikweta huyaosha njiani. Yanayochafua Aktiki, yaani eneo la Ncha ya Kaskazini, hutoka karibu zaidi: Ulaya, Asia ya kaskazini, gesi inayochomwa kwenye visima vya mafuta vya Urusi, na misitu inayoungua. Wakati wa baridi kali hewa ya huko hutulia, mvua na theluji huwa haba, na uchafu hulundikana ukawa utusitusi ambao marubani waliuona tangu miaka ya 1950. Antaktika, bara la Ncha ya Kusini, ni safi zaidi, ingawa moshi wa mioto ya nyika za kusini mwa dunia huifikia.

Kupima ndiko kwenye kazi. Theluji ya Aktiki mara nyingi huwa na nanogramu (bilioni moja hufanya gramu) 5 hadi 20 za masizi kwa gramu ya theluji, yaani maikrogramu (milioni moja hufanya gramu) 5 hadi 20 tu katika lita moja ya maji yake. Jicho halioni kitu. Lakini theluji mpya hurudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga wa jua, hivyo weusi huo mdogo huongeza joto linalonyonywa.

Sampuli huchotwa upande upepo unakotoka, mbali na jenereta, maana kambi yenyewe huharibu vipimo. Husafirishwa ikiwa imeganda. Huyeyushwa upesi, mara nyingi kwa maikrowevu, na kuchujwa papo hapo: maji yakikaa, masizi hunata kwenye kuta za chupa na kipimo hutoka pungufu. Kichujio cha nyuzi za kwatzi, madini yanayofanana na kioo, huchomwa kwanza kwenye tanuri kuondoa kaboni yake, isije ikahesabiwa kama masizi. Hata hivyo chembe ndogo kabisa hupenya, na vumbi la udongo hudanganya vifaa vinavyopima kwa mwanga. Anayetafuta sumu za moshi kama benzopirini atumie chupa ya kioo iliyofungwa foili. Plastiki huzinyonya, mwanga huzivunja.

Meli nazo, kwa moshi wake, zinabanwa: mafuta mazito ya injini za meli yalipigwa marufuku Antaktika Agosti 2011, na Aktiki Julai 2024, ila baadhi ya meli zimesamehewa hadi 2029. Muda mrefu mno, kwa maoni yetu.