Kazi ya sentro loki iko mlangoni, haiko kwenye boksi

Wadogo zangu mnaoanza umeme wa magari, hasa ninyi mliotoka VETA majuzi na kusambaa katika gereji za Mwanjelwa, Soweto na Uyole hapa Mbeya, nawaandikia kwa sababu kosa lile lile linarudi kila msimu. Kijana anapewa gari afunge sentro loki ya rimoti, yaani mfumo wa kufunga na kufungua milango yote kwa pamoja, anashinda asubuhi nzima chini ya dashibodi akihangaika na boksi linalopokea amri ya rimoti, kisha milango anaimaliza mbio mbio jioni, mteja akiwa amesimama pembeni anaangalia saa. Muda umegawanywa kinyume. Boksi lina karatasi yake ya maelekezo, na likishafungwa vizuri waya zake hazisogei tena. Waya za mlangoni zinakunjwa na kukunjuliwa kila mlango unapofunguliwa, zinapitiwa na kioo, zinanyeshewa, na hakuna karatasi inayowaeleza zipite wapi.

1. Pima kabla ya kukata. Toyota nyingi zinazoingia nchini kutoka Japani tayari zina sentro loki ya kiwandani inayoendeshwa na swichi ya mlango wa dereva. Humo huna haja ya kuongeza mota. Unatafuta waya mbili za amri, moja ya kufunga na moja ya kufungua. Weka mita kwenye volti za DC, ncha nyeusi kwenye bodi na nyekundu kwenye waya, kisha mwenzako abonyeze swichi. Waya inayokaa na volti halafu ikashuka hadi sifuri inaamriwa kwa hasi, na ile inayokaa sifuri ikapanda hadi 12 inaamriwa kwa chanya. Ukikuta waya mbili zinazokwenda moja kwa moja kwenye mota, zote zimetulia kwenye hasi na kila moja inapata chanya kwa zamu yake, basi utalazimika kuzikata: COM ya rilei (ncha ya pamoja) inakwenda upande wa mota, NC (inayogusana na COM rilei ikiwa imetulia) upande wa swichi ya zamani, na NO (inayogusana na COM rilei ikivuta) kwenye chanya yenye fyuzi. Msiige rangi za waya kutoka gari mlilofunga jana, kwa sababu watengenezaji wa maboksi hawana makubaliano ya rangi.

Taa ya kupimia iacheni kwenye sanduku la vifaa. Inavuta umeme kupitia waya unayoigusa, na chini ya usukani kuna waya za eabegi, yaani mifuko ya hewa inayofumuka wakati wa ajali, zile zenye soketi za njano, ambazo hazitakiwi kupata umeme wa mtu anayebahatisha. Zima swichi, fungua hasi ya betri, na usubiri. Toyota huelekeza angalau sekunde 90 kabla ya kugusa chochote cha eabegi. Nimeona vijana wasioweza kusubiri hata sekunde kumi, na hilo linanisumbua kweli kweli.

2. Fyuzi inakaa karibu na mahali unapochukulia chanya, si karibu na boksi, kwa sababu kinachotakiwa kulindwa ni waya yote iliyoko katikati. Na kabla ya kufunga boksi la volti 12 kwenye Fuso au Canter inayoshinda barabara ya Tunduma, pimeni betri zake kwanza, kwa kuwa mengi ya malori hayo yanatumia volti 24.

3. Njia ya waya kati ya nguzo na mlango. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipomkosea mteja.

Gari lilikuwa Corolla ya zamani isiyo na sentro loki ya kiwandani, kwa hiyo milango mitatu ilipata mota za waya 2 na mlango wa dereva ukapata mota ya waya 5. Mnazifahamu: waya mbili ni za kuisukuma mota, tatu ni za swichi yake ya ndani inayoliambia boksi kwamba dereva amefunga au amefungua. Raba ya kiwandani ya mlango huo, ule mrija wa mpira unaopitisha waya kati ya nguzo ya bodi na mlango, ilikuwa nyembamba na ngumu kwa uzee, nami nilikuwa na gari jingine linasubiri. Nikatoboa tundu kwenye nguzo, nikapitisha waya zote tano bila raba, nikazifunga solatepu mahali zinapoingia, nikajaribu rimoti mlango ukiwa wazi. Kila kitu kilifanya kazi. Mteja, mama mmoja mwalimu, alishukuru na kuondoka.

Wakati wa mvua alinipigia simu kutoka Uyole. Alikuwa amesimama kununua viazi, injini inaunguruma, ufunguo na rimoti viko kwenye swichi, mwanawe mdogo amelala kiti cha nyuma. Alishuka, akausukuma mlango, na milango yote minne ikajifunga. Aliniambia neno moja tu, "Fundi, mtoto yumo ndani," na sauti yake sijaisahau. Nilipofika, watu walikuwa wameshavunja kioo cha mlango wa mbele, upande ulio mbali na mtoto, na mtoto alikuwa mgongoni kwa mama yake, mzima, analia kwa kelele za kioo.

Nilipofungua mlango huo gerejini niliikuta sababu kwa macho. Ukingo wa tundu langu ulikuwa umeichubua waya moja ya swichi mpaka shaba ikawa inang'aa, sehemu fupi isiyozidi upana wa ukucha. Sasa fikirini vizuri: swichi ya mota ile hutoa amri kwa kuigusisha waya na hasi, na bodi yote ya gari ni hasi. Kila mlango ulipofungwa kwa nguvu, ile shaba iliugusa ukingo wa tundu na boksi likasikia amri ya kufunga, likatii. Fyuzi haikukatika, kwa sababu hakuna chanya iliyogusa bodi. Hapakuwa na shoti ambayo mita ingeionyesha kwa urahisi, na mlango ukiwa wazi, kama nilivyoujaribu, waya ilikuwa mbali na chuma. Nililipa kioo na kuifunga kazi upya, lakini hofu aliyoipata yule mama sikuwa na namna ya kuilipa.

Kwa hiyo itoeni raba ya kiwandani pande zote mbili, ipakeni maji ya sabuni ndani, na vuteni waya kwa kutumia waya ngumu nyembamba, hata kama itawachukua saa nzima. Tumieni waya yenye nyuzi nyingi laini, si ile ya nyumba. Acheni ulegevu wa kutosha mlango unapofunguka hadi mwisho, na msiweke kiungo chochote ndani ya raba. Gari lisipokuwa na raba, toboeni nguzo na mlango kwa vimo tofauti, pigeni tupa kingo zote, kisha vikeni raba pande zote mbili. Viungo vichomewe risasi na kuvikwa mpira wa kusinyaa kwa joto. Kwa ukungu wetu na mvua inayoanza Novemba hadi Aprili, gundi ya solatepu huachia mapema.

Kisha jaribuni milango ikiwa imefungwa. Teremsheni vioo, ufunguo uwe mfukoni mwenu, mmoja akae ndani na mwingine abamize kila mlango mara nyingi huku mkisikiliza.

4. Kitanzi cha muda, ile waya ya boksi inayopanga mota isukumwe kwa muda gani, kiwekwe kwenye sekunde 0.5 kwa mota za umeme, ile 3.5 ni ya mifumo ya upepo, na itaunguza mota. Waya mbili za indiketa zisiunganishwe pamoja, la sivyo indiketa ya kushoto itawasha na ya kulia.

5. Rudisheni plastiki ya mlango ikiwa nzima na gundi yake, kwa sababu ndiyo inayozuia maji yasifike kwenye mota na kwenye paneli. Kabla ya kuibana paneli, ingizeni ufunguo wa chuma kwenye kitasa cha dereva na muuzungushe. Magari mengi vitasa vyake vimeganda kwa kutotumika, na siku betri ikiisha usiku mlimani Kitonga, rimoti haitafungua chochote. Kitasa kikiwa kigumu, kipulizieni dawa ya kulainisha, kizungusheni hadi kiwe chepesi, kisha mpeni mteja ufunguo akijaribu mwenyewe mbele yenu.