Maswali ya wasomaji: Kurudia kamera ya mkanda

SWALI: Nimestaafu na nataka kurudia picha za mkanda (filamu). Pentax K1000 yangu imekaa kabatini tangu miaka ya tisini. Nianzie wapi? Tena nikivaa miwani ya kusomea, hata nikizungusha lenzi vipi, picha haitulii machoni. (Mstaafu, Tanga)

JIBU: Mzee wetu, mkanda usubiri kwanza. Fungua mlango wa nyuma uguse sponji nyeusi iliyo kwenye mifereji yake. Ikinata kidoleni kama lami, imeoza. Mwanga utapenya na picha zitatoka na michirizi. Ikwangue kwa kijiti cha mbao kilicholoweshwa spiriti, kamera ukiiinamisha ili vipande visidondokee pazia la shata (kile kinachofunguka na kufunga kupitisha mwanga), maana ni la kitambaa. Mahali pake laza uzi mweusi wa sufu; unaziba vizuri tu.

Betri ni ile ndogo ya duara kama kitufe, LR44 au SR44. Ikiwa ya zamani ilivuja, pangusa ule unga kwa pamba yenye siki kidogo, ukaushe. Kamera hii haina swichi ya kuzima kipima mwanga, hivyo usipofunika lenzi betri itakwisha. Shata yenyewe haihitaji betri.

Mulika lenzi kwa tochi. Ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, mpelekee fundi. Na ule mkoba wa ngozi achana nao, unatunza unyevu.

Kuhusu macho: kamera nyingi za aina hii huonyesha taswira kana kwamba iko mita moja hivi mbele yako, ilhali miwani ya kusomea ni ya karibu zaidi. Jaribu ya mbali.

Ukishapachika mkanda, vuta wenzo wa kusogezea mkanda huku ukitazama kitasa cha kuurudishia. Kisipozunguka, mkanda haujashika, na utapiga picha zote 36 bure.

SWALI: Maji ya bomba yana joto la nyuzi 28, jedwali la D-76 (dawa ya kusafishia picha) linataka 20. Nifanyeje? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Tia chupa za dawa kwenye beseni la maji ya barafu hadi kipimajoto kisome 20. Mkanda wa HP5 Plus katika D-76 iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu huchukua dakika 11. Ukishindwa kushuka chini ya 24, safisha kwa dakika 7 na nusu hadi 8. Usifanyie kazi kwenye 28: muda unakuwa mfupi mno, picha hutoka na mabaka, na utando wa mkanda unaweza kulainika ukakwaruzika kwa urahisi. Maji ya kusuuzia nayo yapoze vivyo hivyo.