Daftari Lako Kwanza: Kwa Binti wa Malindi Anayetaka Kusomea Akiolojia

Wiki iliyopita binti mmoja wa Malindi aliniandikia. Amemaliza kidato cha nne, alama zake ni nzuri, na akiolojia, yaani elimu ya kuchimbua na kuchunguza mabaki ya kale, ndiyo chaguo lake la kwanza, ila mjomba wake amemwambia kwamba hiyo ni kazi ya Wazungu na kwamba mwisho wake atakuwa wa kufukuza mbuzi kwenye magofu. "Ami," aliniandikia, "niambie ukweli, kazi ipo au haipo?" Nimeona nimjibu hadharani, kwa kuwa najua wako wengi wenye hamu kama yake na wajomba kama huyo.

Mimi niliingia katika kazi hii kupitia chekeche. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimeajiriwa kibarua katika uchimbaji mmoja wa visiwa vyetu vya Lamu, na kazi yangu ilikuwa kupepeta udongo na kuokota vigae. Baada ya siku chache mchimbaji mmoja aliugua, nikapewa mwiko wa kuparuzia udongo na kuteremshwa shimoni. Nilipokuwa nikiparuza sakafu taratibu, niliona duara ya udongo mweusi, upana wake kama kisahani cha kikombe, imekaa ndani ya mchanga wa manjano. Nikanyunyiza maji kidogo, rangi ikakolea. Pembeni yake ikatokea ya pili, kisha ya tatu, zote zimejipanga mstari mmoja. Nimekulia katika nyumba ya udongo na makuti, nami nilikwisha kumwona babu yangu aking'oa nguzo iliyooza na tundu lake likajaa weusi ule ule, kwa hiyo sikuhitaji kuambiwa kwamba pale palisimama nyumba. Msimamizi alitazama mara moja akasema ni mashimo ya kaa. Siku ya pili alirudi, akazipima, akazichora, wala hakuniambia neno.

Aliyesoma habari za Shanga, mahame ya mji wa kale kisiwani Pate, anaujua uzito wa duara kama zile. Chini ya msikiti wa mawe wachimbaji walikuta alama za misikiti midogo ya miti, iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, ya mwanzo kabisa ikiwa ya karne ya 8, na hoja ya zamani kwamba miji yetu ililetwa na wageni ikiwa imekwisha kukamilika ikapungua nguvu kwa ushahidi wa udongo uliobadilika rangi.

Ripoti ya uchimbaji wetu ilipotoka miaka kadhaa baadaye, nilizikuta duara zangu zimechorwa vizuri, na sisi tuliofanya kazi tumeandikwa "vibarua wenyeji", bila jina hata moja. Nakiri kwamba jambo hilo linaniuma mpaka leo. Lakini nilikuwa na daftari la shule lenye mraba wa shimo letu, kina, tarehe na duara tatu nilizozichora kwa penseli usiku ule ule, na daftari hilo ndilo nililolipeleka nilipokwenda kuomba nafasi ya kusoma. Miaka ya chuo kikuu sitaieleza, haina la ajabu.

Sasa nakujibu, mwanangu. Ajira za kudumu ni chache mno, na nyingi zinasubiri mtu astaafu. Wengi wetu tunaishi kwa kandarasi fupi, hasa za kukagua ardhi kabla ya barabara, hoteli au bandari kujengwa. Gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilifunguliwa mwaka 2021, na ujenzi wa namna hiyo ndio unaotupa kazi na ndio unaotishia kile tunachokitafuta. Ni kazi ya haraka, tingatinga limesimama linasubiri, na usichokiandika siku hiyo hutakipata tena.

Hata hivyo sikubali kwamba taaluma hii inakufa. Gedi, magofu ya mji wa kale ambayo kwako ni safari ya matatu, iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2024. Katika pango la Panga ya Saidi, huko huko Kilifi, lilipatikana kaburi la mtoto wa miaka kama mitatu aliyezikwa miaka ipatayo 78,000 iliyopita, na dunia nzima ilipopata habari zake mwaka 2021 ilimwita kwa neno letu, Mtoto. Lakini mifupa yake ilibidi isafirishwe hadi Burgos, Hispania, ndipo ikafunuliwa na kuchunguzwa kikamilifu. Hapo ndipo penye nafasi yako. Mikono ya kuchimba tunayo tangu zamani. Tunachokosa ni maabara zetu na watu wetu wa kuchunguza mifupa, kuchora ramani kwa kompyuta, na zaidi ya yote kuandika.

Basi andika. Andika kila siku ya kazi, kwa jina lako na tarehe. Usidharau ulichonacho nyumbani: wewe uliyesoma madrasa una herufi za Kiarabu ambazo wengine huzitafuta kwa miaka, na pale Gedi lipo kaburi lenye mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, ambalo unaweza kulisoma kwa macho yako mwenyewe. Nenda ukalisome kabla ya kujaza fomu. Usichimbe hata shimo la kiganja bila leseni, kwa maana sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 inakataza, na kigae kilichotolewa mahali pake bila kupimwa hakiwezi tena kueleza kilikotoka. Na vijana wa kiume mnaonisoma, acheni kuwauzia watalii vigae vya kaure. Mnauza ushahidi wa bibi zenu kwa bei ya soda.

Binti yangu, ukishalisoma kaburi lile, lichore, lipime, uniletee ukurasa huo Lamu. Nami nitakuonyesha wangu. Penseli imefifia, ila duara zote tatu bado zinaonekana.