Mwanangu, jina langu usilitie kwenye karatasi hiyo

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza kelele za mashine za huko Kolwezi zilinishinda, mara ya pili mama yako alitaka kusikia kama bado unakohoa, na mara ya tatu ndipo nikaelewa unachouliza. Unasema mdogo wako amepata permi, leseni ya kuendesha, na motokari yako inakaa hapa nyumbani Lubumbashi wiki tatu kila mwezi bila kazi, kwa hiyo umemruhusu aende nayo chuoni na kumpeleka mama sokoni. Unataka kujua kama kumpa ufunguo kunatosha, au ni lazima aongezwe kwenye asiransi, yaani bima. Halafu, kwa sauti ya chini kidogo, ukaongeza: kama ni lazima, si afadhali niandikwe mimi baba yenu kuwa dereva, kwa kuwa permi yangu ni ya zamani na bei itakuwa nafuu?

Hilo la pili jibu lake ni hapana. La kwanza ni refu, kaa chini.

Bima ya motokari kuwa lazima katika nchi hii ya Kongo si jambo jipya, ipo katika sheria tangu Januari 1973, enzi ya Zaire. Nilipoanza kazi ya ushofa ilikuwa SONAS, kampuni ya bima ya serikali, peke yake, hukuwa na pa kuchagua. Sheria ya Machi 2015 ikafungua mlango, na kuanzia 2019 kampuni nyingine zikaanza kupewa ruhusa. Nakwambia haya kwa sababu moja: siku hizi usimuulize jirani, maana mkataba wake si mkataba wako. Toa karatasi zako mwenyewe kwenye bahasha. Si ile cheti unayomwonyesha polisi wa rulaji, wa barabarani, hiyo haina maelezo. Tafuta ukurasa wenye jina lako, namba ya plaki, matumizi ya motokari na mstari wa dereva. Ukurasa huo ndio mkataba wako wenyewe. Kurasa nyingine zinafanana kwa wateja wote.

Kuna mikataba inayosema yeyote anayeendesha kwa ruhusa ya mwenye motokari amefunikwa, mradi ana permi halali ya aina ya gari hilo. Kuna inayotaja dereva kwa jina. Na kuna inayokubali kila mtu lakini inabadilisha masharti kwa dereva mchanga au mwenye permi changa: bei inapanda, au ile franshizi, yaani sehemu ya hasara unayobeba wewe mwenyewe, inakuwa kubwa. Mdogo wako ana permi ya miezi minne. Hata kama karatasi yako inasema "yeyote mwenye ruhusa", soma mpaka chini.

Sasa nikueleze kitu ambacho sikuwahi kukueleza vizuri.

Unakumbuka mwaka 2021 nilipokuomba ulipe kwanza nusu ya minervali, yaani karo, ya mdogo wako, nikakwambia mambo yamebana? Yalibanwa na Corolla yangu ile. Mpwa wangu alikuja jioni moja akasema anaenda matanga upande wa barabara ya Kasenga, nikampa ufunguo bila kufikiri, mtoto wa dada utamnyima nini. Matanga yalikuwepo kweli. Lakini wakati wa kurudi alipakia watu wanne njiani, kila mmoja akatoa pesa yake. Mvua ilikuwa inaanza. Mbele yake kulikuwa na lori, na ile Corolla usukani wake ulikuwa kulia kama nyingi zinazoingia hapa kwetu. Unajua mwenyewe: barabara zetu tunaendesha kulia, kwa hiyo ukiwa na usukani wa kulia nyuma ya lori huoni anayekuja mpaka umetoa motokari nusu nzima. Akatoa, akaona taa, akarudi haraka, na pembeni pale alikuwa anapita mtu wa makala, yaani muuza mkaa, na baiskeli yake, ile tunayoiita kinga, ingawa siku hiyo haikumkinga.

Nilifika pale kwa pikipiki. Yule mtu alikuwa amekaa kwenye tope, ameshika mguu kwa mikono miwili, makala yametapakaa mpaka katikati ya barabara na mvua inayalowesha. Swali lake la kwanza halikuwa juu ya mguu. Aliniuliza: "Mzee, nani atalipa magunia yangu?" Nikamwambia tuna asiransi. Nilisema kwa uhakika kabisa.

Mtu wa kampuni, ambayo sitaitaja, aliuliza mambo matatu tu. Nani alikuwa anaendesha? Waliokuwa ndani ni nani? Walitoa kiasi gani? Swali la tatu ndilo lililotumaliza, kwa sababu mmoja wa abiria alikuwa amekwisha kulijibu mbele ya polisi. Kisha akafungua faili, akanionyesha fomu niliyoijaza mwenyewe kwa mkono wangu. Kwenye matumizi niliandika "ya nyumbani". Kwenye madereva wengine nilipiga kistari. Nakumbuka siku nilipokipiga: foleni ilikuwa ndefu, kalamu ilikuwa ya mtu mwingine, nikaona mambo ya madereva wengine yatachelewesha. Yule mtu wa makala alitibiwa, namshukuru Mungu, na akalipwa magunia. Kisha kampuni ikanigeukia mimi irudishiwe pesa zake. Nililipa kidogo kidogo mpaka mwaka uliofuata. Sikuwa na hoja ya kuwapinga, mwandiko ulikuwa wangu.

Ndiyo sababu nasema jina langu usilitie.

Fikiria kwanza ukweli wenyewe. Macho yangu unayajua. Mara ya mwisho nilishika usukani ilikuwa Pasaka, kutoka hapa mpaka kanisani, na mama yako alisali njia nzima. Ukiandika kwamba mimi ndiye dereva mkuu, na kila asubuhi mtaa mzima unamwona mdogo wako akitoka na motokari, basi siku ya ajali kampuni haina haja ya mpelelezi. Itamuuliza tu mama anayeuza mikate hapo pembeni. Na uongo uliosemwa kwa makusudi ili bei ishuke si kosa la kusahau. Unaweza kuuvunja mkataba wote, na pesa uliyolipa usiione tena.

Hata pasipo makusudi, kuna hesabu yao. Chukua mfano tu, si bei ya kweli. Tuseme ulilipa dola 100, na kama ungesema ukweli wote ungelipa 150. Ulilipa theluthi mbili ya kilichostahili. Hasara ikiwa dola 900, wanaweza kukuhesabia theluthi mbili, yaani 600, na 300 utazitafuta. Ulipookoa dola 50 ulidhani umepata.

Nimefikiria jambo jingine usiku, ambalo hukuliuliza. Umesema "kumuongeza" mdogo wako, kana kwamba yeye ni wa pembeni. Lakini hesabu siku. Wewe unaiendesha wiki moja kwa mwezi, yeye tatu. Kuwa mwenye motokari na mwenye mkataba ni wewe, hakuna ubishi. Ila dereva wa kawaida ni yeye, na wewe ndiye wa mara mojamoja. Ni mambo mawili, na kwenye fomu yana mistari miwili. Usiwafiche. Bei ikipanda, ipande. Mwambie achangie kutoka kwenye kazi yake ya kuchapa, maana yaya, kaka mkubwa, si benki.

Namna ya kufanya ni hii. Yeye peke yake hawezi kwenda kubadilisha mkataba wenye jina lako, kwa hiyo subiri utakaposhuka mwisho wa mwezi mwende pamoja, au umwandikie barua ya kumpa uwezo iliyotiwa sahihi. Mchukue kopi ya permi yake, karte roze, yaani kadi ya usajili wa motokari, na namba ya mkataba. Mwombe avenan. Hiyo ni karatasi inayounganishwa na mkataba wa kwanza na kusema nini kimebadilika. Msikubali mtu wa kaunta akiwaambia "nimeshaandika, nendeni salama". Kwenye kompyuta ameandika, sawa, lakini ninyi mmeshika nini?

Mkipewa, msitoke mlangoni kabla ya kuisoma. Angalieni majina yake. Ya kwenye permi yameanza na lipi, jina au postinomu, yaani jina la pili? Kwetu mtu ana majina matatu, na makarani wana tabia ya kuacha moja au kuyageuza. Yalingane herufi kwa herufi na permi, la sivyo siku ya shida mtaanza kuthibitisha kwamba mtu huyu ni yule. Angalieni pia tarehe inapoanza kazi, na saa kama imeandikwa. Kabla ya hapo motokari ilale. Risiti ipigwe picha, nitumie na mimi.

Kuna jambo ambalo mdogo wako hajui na wewe nadhani hulijui. Bima ya lazima inamtazama aliyegongwa. Haimtazami aliyegonga. Mtoto huyu akiparamia ukuta wa jirani, ukuta utalipwa, lakini bampa yako ni yako, na mkono wake ukivunjika hospitali ni juu yetu. Kumwongeza jina hakubadilishi hilo. Kama unataka motokari yako nayo ilipwe, hiyo ni bima nyingine ya bei nyingine, na kwa motokari ya umri ule sioni faida. Ila ile ya kumfunika dereva mwenyewe akiumia, waulize. Hiyo mimi ningelipa kabla ya kununua redio mpya.

Na Kasumbalesa, kule mpakani na Zambia. Nimesikia ana mpango wa kuvuka hadi Chililabombwe, upande wa Zambia, na rafiki zake kufuata bidhaa. Bima ya hapa haivuki mpaka kwa nguvu zake. Kuna Kadi ya Njano ya COMESA, inayofunika madhara kwa watu wengine katika nchi zilizomo kwenye mpango huo, na Zambia imo. Inaombwa kwa kampuni yako ya bima kabla ya safari. Motokari si ya jina lake, kwa hiyo atahitaji pia barua yako ya ruhusa. Tena kule wanaendesha kushoto. Usukani wako wa kulia utamfaa huko kuliko hapa, lakini kichwa chake kimejifunza kulia, na kichwa hakina kadi ya njano. Kwa maoni yangu asubiri mwaka. Nikimwambia mimi atanuna, mwambie wewe.

Rafiki zake nao. Ukimruhusu yeye hujawaruhusu wao. Mweleze hivyo mbele yangu, kwa maneno hayohayo, halafu aseme "ndiyo, yaya" nikisikia. Na asipakie mtu wa kulipa, hata mmoja, hata akiwa jirani, hata akiwa amebeba mtoto na mvua inanyesha. Akiwa na huruma ampakie bure.

Mama yako anasalimu, anasema pilipili ulizoomba zimekauka, atazituma na mtu wa basi Ijumaa. Ufunguo wa pili uko ndani ya kopo la maziwa juu ya kabati. Mdogo wako ameuliza habari zake mara mbili tangu jana. Nimemwambia naisubiri avenan.

Baba yako