Ushauri wa vinasaba: nenda, ila uhesabu na upande wa baba

Dada, umeuliza kama kuna haja ya kutafuta ushauri wa vinasaba, yaani kuongea na mtaalamu kuhusu magonjwa ya kurithi kwenye ukoo, kwa kuwa mama yako mkubwa alifariki kwa saratani ya titi na sasa dada yako yuko kwenye matibabu akiwa na miaka 36, au ni kujitafutia presha bure. Mimi ni wa Newala, nimeshapita hapo.

Sisi Wamakonde ukoo tunauhesabu kwa mama. Nesi aliponiuliza kama kwetu kuna saratani nikajibu hakuna, na sikuona kama nimedanganya. Shangazi zangu wawili, mmoja titi, mwingine mfuko wa mayai, sikuwahesabu kabisa. Daktari ndiye aliyenishtua: jeni ya BRCA1 au BRCA2 ikiwa na hitilafu, ile inayoongeza hatari ya saratani ya titi na ya mfuko wa mayai, haichagui upande. Baba akiwa nayo, hata kama hajawahi kuugua, kila mtoto wake ana nusu kwa nusu ya kuirithi, wa kike na wa kiume.

Kazi ikawa kujua umri wa shangazi wa titi alipougua, maana saratani ya titi kabla ya miaka 50 ndiyo inayotia shaka zaidi. Nyumbani jibu lilikuwa "alikuwa mtu mzima". Mpaka bibi alipokumbuka walivyolala Rufiji wakisubiri pantoni, wakimpeleka shangazi huyo hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar. Daraja la Mkapa hapo Rufiji lilifunguliwa 2003, kwa hiyo ni kabla ya hapo, na kitinda mimba wake alikuwa hajaanza shule. Tukapiga hesabu: hakufika 40. (Hapo wengine wakaanza tena habari za kurogwa. Niliwaacha waseme, mimi nilitaka umri.)

Saratani ya mlango wa kizazi usiichanganye humu. Ile karibu yote huletwa na kirusi cha HPV.

Kwako, dada yako ndiye atangulie kupimwa jeni. Akikutwa na hitilafu, wewe unatafutiwa hiyohiyo, na ukiwa huna, hatari yako ni kama ya mwanamke mwingine yeyote. Ukipima peke yako wasione kitu, bado hujui.

Na kwenda kushauriwa si kutolewa damu. Shangazi zangu hawapo, baba kagoma kupimwa. Niliwaza msimu mzima wa korosho, nikaenda Dar kuongea tu, nikarudi na ratiba ya kuchunguzwa matiti kila mwaka. Damu bado sijatoa. Ila kaka zangu nimewaambia, nao wana mabinti.