Jibu: Kutoka Unguja kwenda Ziwa Michaelson, kulala huko usiku wa kwanza?

Waalaykum salaam ndugu yangu. Umeuliza kama nyinyi vijana wanne, msiowahi kupanda mlima, mnaweza kupita njia ya Chogoria, Mlima Kenya, na kulala Ziwa Michaelson usiku wa kwanza. Nakusihi, msifanye hivyo. Miguu itafika, tatizo ni hewa. Ziwa liko karibu mita 3,950, na nyinyi mnatoka usawa wa bahari.

Laleni kwanza langoni, karibu mita 2,950. Usiku wa pili Ziwa Ellis, kwenye mita 3,500 hivi. Wa tatu ndiyo muingie bonde la Gorges hadi Michaelson. Mwenzenu akiumwa kichwa na kutapika, msipande zaidi. Akianza kupepesuka kama mlevi, mteremsheni saa hiyo hiyo, hata iwe usiku wa manane. Hapo ubongo unavimba, na kidonge cha maumivu kitaficha tu hatari.

Maharage yaacheni nyumbani. Huko maji huchemka kwenye nyuzi 87 hivi, kwa hiyo hayaivi na gesi itaisha bure. Chukueni tambi, tende, na kashata za nazi, zina nguvu nyingi kwa uzito mdogo. Maji ya ziwa yachemke dakika 3 kamili.

Fulana za pamba zikilowa hazikauki, na usiku kuna barafu. Vaeni sufu. Januari na Februari ndiyo miezi mizuri zaidi.