Jifunze Kihispania Ukitokea Kwenye Kiswahili: Vivumishi na Maneno ya Kila Siku

Ukitafuta mtandaoni maneno ya Kihispania ya kuanzia, utakutana na orodha ndefu za safu mbili: huku Kihispania, kule maana kwa Kiingereza. Vijana wengi hapa Dodoma wanaofanya kazi za hoteli au za kuongoza wageni huanza na orodha hizo. Kazi yangu ni kupeleka wageni kwenye michoro ya miambani ya Kolo, wilayani Kondoa, na baadhi yao hutoka Hispania, Meksiko na Argentina. Ushauri wangu kwa anayeanza ni huu: funika ile safu ya Kiingereza, andika Kiswahili mahali pake. Sisemi hivyo kwa uzalendo, ingawa uzalendo ninao. Nasema hivyo kwa sababu vivumishi vya Kihispania vinaendeshwa na kanuni ambazo Mswahili amezishika tangu hajaanza darasa la kwanza, na Kiingereza hakinazo.

Tazama upatanisho. Hatusemi "vitabu mpya". Tunasema vitabu vipya, magari mapya, miti mipya. Nomino inatangulia, kivumishi kinaifuata na kubadilika kulingana nayo. Kihispania ni hivyo hivyo: libro nuevo ni kitabu kipya, libros nuevos ni vitabu vipya, casa nueva ni nyumba mpya, na nyumba zikiwa nyingi ni casas nuevas. Sisi tuna ngeli lukuki. Wao wana makundi mawili tu, la kiume na la kike, na umoja na wingi wake. Aliyezoea kupatanisha watu, viti, mawe na nyuzi bila hata kufikiri, hawezi kutishwa na makundi mawili.

Hata vile vivumishi vyetu vikaidi, kama safi, ghali na rahisi, ambavyo havibadiliki popote utakapoviweka, vina wenzao kule. Grande (-kubwa), verde (kijani), fácil (rahisi), joven (kijana) na feliz (mwenye furaha) havijali uke wala uume. Vinabadilika kwenye wingi tu: casa grande, libro grande, libros grandes. Baadhi ya rangi nazo ni vilevile. Sisi husema rangi ya chungwa, tukiazima jina la tunda, na neno haligeuki. Wao wana naranja, ambalo pia ni chungwa, na rosa, ambalo ni ua la waridi, na mara nyingi wanapoyatumia kama rangi huyaacha kama yalivyo.

Vipo vivumishi vinavyoweza kutangulia nomino, na vingine maana yake hubadilika vikifanya hivyo. Un hombre pobre ni mtu maskini, hana fedha. Un pobre hombre ni mtu wa kuhurumiwa, hata kama ana maghorofa. Sikiliza Kiswahili chetu: "mzee maskini" na "maskini mzee yule!" Si mambo yale yale? Vivyo hivyo un amigo viejo ni rafiki mwenye umri mkubwa, na un viejo amigo ni rafiki wa siku nyingi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nataka ulishike kuliko mengine yote. Kihispania kina vitenzi viwili vyenye maana ya "kuwa", ser na estar, na vyote viwili kwa Kiingereza hufasiriwa kwa kitenzi kimoja. Kwa hiyo wanaofundishwa kwa Kiingereza hupewa kanuni: ser ni kwa mambo ya kudumu, estar ni kwa mambo ya kupita. Kanuni hiyo inaanguka mapema sana. Marehemu, Kihispania husema está muerto, kwa estar. Kuna hali gani ya kudumu kuliko kifo? Mji nao hauhami, lakini husema Dodoma está en Tanzania.

Mswahili hahitaji kanuni hiyo. Jiulize tu sisi tungesemaje. Aliyefariki tunasema amekufa, na Dodoma tunasema iko Tanzania. Pale ambapo Kiswahili kinatumia -me- kuonyesha hali iliyotokea na sasa ipo, au kinatumia iko, yuko, yupo, Kihispania mara nyingi sana kitatumia estar. Está cansado, amechoka. Está lleno, limejaa, na hili utalihitaji kila asubuhi kwenye daladala. Está cerrado, limefungwa. Está roto, kimevunjika. Está sentado, amekaa. Está dormido, amelala. Está casado, ameoa. Está casada, ameolewa. Está listo, yuko tayari. Está seco, kimekauka, na kwa Dodoma ya mwezi wa tisa neno hilo halitakaa bure. Ukija kwenye "ni", tumia ser: es alto, ni mrefu, es profesora, ni mwalimu wa kike, es caro, ni ghali.

Hapo ndipo utaona uzuri wa vile vivumishi vyenye maana mbili, ambavyo huwasumbua wengi. Es listo, ni mwerevu. Está listo, yuko tayari. Es aburrido, anachosha. Está aburrido, amechoshwa. Es rico, ni tajiri. Está rico, chakula ni kitamu. Mfano ninaoupenda zaidi ni wa zabibu, kwa kuwa ziko hapa nyumbani, Hombolo na Mpunguzi, na mkoa wetu huzivuna mara mbili kwa mwaka. (Son ni ser ya wingi, están ni estar ya wingi.) Las uvas son verdes, zabibu ni za rangi ya kijani. Las uvas están verdes, zabibu bado mbichi. Las uvas están maduras, zimeiva. Simama mbele ya meza ya zabibu ujisemee sentensi hizo tatu, na tofauti ya ser na estar haitakutoka tena.

Kipimo hiki kina mipaka yake. "Ni mgonjwa" kwetu ina "ni", lakini wao husema está enfermo. Chumba "ni safi", wao está limpio. Na shughuli, kama mkutano au harusi, ukitaja inapofanyika hutumii estar bali ser: la reunión es en la sala, mkutano uko ukumbini. Hayo utayakariri kama yalivyo. Mengine yote yaliyobaki ni mengi mno kuliko hayo machache.

Jambo jingine ambalo Kiswahili kinakupa bure ni "nina". Njaa, kiu, usingizi na hofu sisi tunavyo: nina njaa, nina kiu. Wao pia: tengo hambre, tengo sed, tengo sueño, tengo miedo. Nina haraka, tengo prisa. Na umri ni hivyo hivyo, tengo treinta años, nina miaka thelathini. Ukipitia Kiingereza utatafuta vivumishi vya maneno haya yote na utajisumbua bila sababu. Kuna moja la kuchunga: ukisikia joto sema tengo calor, usiseme estoy caliente (estoy ni estar ya "mimi"), kwa sababu hiyo huashiria matamanio ya mwili na itakuaibisha mbele ya wageni. Caliente iache kwa chai, supu na jiwe lililopigwa na jua. Pilipili kali nayo si caliente, ni picante. Hali ya hewa wanaitaja kwa hace: hace calor, kuna joto, hace frío, kuna baridi, hace viento, kuna upepo, na mwezi wa sita na wa saba Dodoma hutaacha kulitumia.

Jinsi ya kuyajifunza. Kivumishi usikikariri peke yake kamwe. Kiandike na nomino, na nomino iandikwe na el (ya kiume) au la (ya kike) yake, kisha weka kinyume chake hapo hapo. La sopa caliente, la sopa fría (supu ya moto, supu baridi). El camino largo, el camino corto (njia ndefu, njia fupi). La maleta llena, la maleta vacía (sanduku lililojaa, sanduku tupu). El plato limpio, el plato sucio (sahani safi, sahani chafu). El hotel caro, el hotel barato (hoteli ghali, hoteli rahisi). La puerta abierta, la puerta cerrada (mlango uliofunguliwa, mlango uliofungwa). El niño contento, el niño triste (mtoto mwenye furaha, mtoto mwenye huzuni). Ukikiandika hivi unapata maneno matatu kwa wakati mmoja, na sikio lako linazoea o kufuatana na o, a kufuatana na a, kama lilivyozoea ki kufuatana na ki.

Halafu toka nayo nje. Mimi hupita Soko la Majengo na kutaja kimoyomoyo kila ninachokiona: tomates rojos (nyanya nyekundu), cebollas grandes (vitunguu vikubwa), pescado seco (samaki mkavu), huevos frescos (mayai mapya). Njiani kwenda Kondoa nataja milima, mibuyu na ng'ombe: árbol viejo (mti mzee), vaca flaca (ng'ombe aliyekonda), cielo azul (anga la buluu), tierra roja (udongo mwekundu). Kule Kolo kwenyewe kazi ni tamu zaidi. Michoro ile, iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, ina mingi ya rangi nyekundu na mingine nyeupe, na ina watu waliochorwa warefu na wembamba. Pinturas rojas, pinturas blancas, figuras altas y delgadas. Kitu cha kale chenye heshima yake kitaje kwa mgeni kwa neno antiguo, usitumie viejo, ambalo linafaa zaidi kwa shati lililochakaa au gari bovu. Anza na maneno ya kazi yako. Fundi aanze na roto, flojo (kilicholegea) na nuevo. Mama lishe aanze na salado, dulce, frito na crudo, yaani chenye chumvi, kitamu cha sukari, cha kukaanga na kibichi.

Matamshi yasikutie hofu. Irabu zao ni tano kama zetu na zinatamkwa kama zetu. Herufi ñ ni "ny" yetu, kwa hiyo pequeño, -dogo, soma pekenyo. Herufi h haisikiki: hambre soma ambre. Herufi j hutamkwa karibu na kh ya Waswahili wa pwani, na v hutamkwa kama b laini. Ll, katika sehemu nyingi, ni y: lleno, yeno.

Na maneno kadhaa utayakuta yamekwisha kufika kwetu. Meza na bendera tuliyachukua kwa Wareno, ambao lugha yao ni jirani kabisa na Kihispania, ndiyo maana kule ni mesa na bandera. Waarabu nao walitawala sehemu za Hispania tangu mwaka 711, na utawala wa mwisho wa Kiislamu ulianguka Granada mwaka 1492. Sukari ikabaki kule kama azúcar, zeituni ikabaki aceituna, na "hata" ya Kiarabu ambayo sisi tunaitumia ikawa hasta, yenye maana ya mpaka: hasta mañana, mpaka kesho. Lakini pera ya Kihispania si pera letu. Letu wao huliita guayaba.

Kuna mahali ambapo Kiswahili hakitakusaidia, nako ni kwenye uke na uume. Kwetu "nimechoka" inasemwa na baba na mama. Kule dada atasema estoy cansada, kaka atasema estoy cansado, na dada akisema estoy lista, kaka atajibu estoy listo. Wasichana wengi hukariri umbo la o kwa sababu ndilo lililoandikwa kwenye orodha. Wewe dada, andika daftari lako lote kwa a pale unapojisema mwenyewe, tangu siku ya kwanza. Kwenye vitu, kanuni ya o na a inakwenda vizuri ila kwa maneno machache: la mano ni mkono, la kike, el día ni siku, el mapa ni ramani, el problema ni tatizo, yote ya kiume. Kwa hiyo mano limpia, día largo.

Na kwa waliosoma Kiingereza sana, jihadharini na maneno yanayofanana nacho kwa sura tu. Largo si -kubwa, ni -refu. Éxito si mlango wa kutokea, ni mafanikio. Embarazada si mwenye haya, ni mjamzito, na mgeni wa kiume akiambiwa hivyo atashangaa sana. Hii nayo ni sababu nyingine ya kufunika ile safu.

Mwisho, muulize mgeni ametoka wapi kabla hujachagua maneno. Lugha hii ni rasmi katika nchi nyingi, ikiwemo Guinea ya Ikweta hapa hapa Afrika, na vitu vya kila siku hubadilika majina. Viazi kwa Mhispania ni patatas, kwa mtu wa Amerika ya Kusini ni papas. Gari ni coche Hispania, carro Kolombia, auto Argentina. Juisi ya zabibu Mhispania ataiita zumo de uva, Mmeksiko jugo de uva. Vivumishi vingi havina matatizo hayo: iwe zumo au jugo, ikiwa baridi ni frío, na frío inaeleweka kote.